Uliza Mama Maabara: Fedha hukuza kile tu kinachoigusa

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba punje ndogo sana za fedha zinaweza kuifanya kemikali ionekane chini ya mwanga wa leza hata ikiwa kidogo mno. Sentensi moja, na barua zikamiminika. Nimechagua nne. Wanaouliza bei ya mashine ya Raman ya kushika mkononi, ile inayotambua kemikali kwa leza, jibu ni makumi ya maelfu ya dola kabla hujalipa ushuru, kwa hiyo tuendelee.

"Salaam Mama Maabara. Nyanya ninazonunua soko la Jinja zina vumbi jeupe la dawa. Muuzaji mwenyewe hakatai, anasema nioshe tu. Je, hiyo fedha na leza yako inaweza kunionyesha palepale sokoni kama nyanya ni salama? – Mama wa watoto watatu, Jinja"

Mama mwenzangu, vumbi hilo hata soko la Nakasero, Kampala, lipo. Mara nyingi ni mankozebu, dawa ya kuvu ambayo wakulima wetu hupulizia kuzuia bakajani, na wapo wanaoendelea kupulizia hadi karibu na kuvuna wakiamini nyanya haitaoza njiani.

Kwanza nikueleze mashine inaona nini. Mwanga ukigonga kitu, karibu wote unaotawanyika hurudi na rangi ileile. Takriban fotoni moja kati ya milioni 10 hurudi na rangi iliyosogea kidogo, kwa sababu imeacha au imechukua nishati kwenye mitikisiko ya molekuli. Kila aina ya molekuli ina mitikisiko yake, basi ukipanga misogeo hiyo kwenye mchoro unapata vilele, na kwa vilele hivyo unaijua kemikali. C. V. Raman na K. S. Krishnan waligundua jambo hili Kolkata mwaka 1928, na Raman akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1930. Lakini moja kati ya milioni 10 ni kidogo mno. Mabaki ya dawa kwenye ganda la nyanya hayataonekana kwa njia hiyo pekee.

Mwaka 1974, huko Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walipima kemikali iitwayo piridini iliyokaa juu ya elektrodi ya fedha ambayo uso wake waliukwaruza kwa umeme. Ishara ikawa kubwa kuliko walivyotarajia. Walidhani sababu ni kwamba uso wenye mikwaruzo hubeba molekuli nyingi zaidi. Mwaka 1977 makundi mawili, moja la Marekani la Jeanmaire na Van Duyne, jingine la Uingereza la Albrecht na Creighton, yalipiga hesabu yakaona wingi wa molekuli hautoshi kueleza. Kila molekuli ilikuwa inatoa ishara iliyokuzwa mara laki moja, pengine milioni.

Siri iko kwenye elektroni. Punje ya fedha ikiwa na upana wa makumi ya nanomita, mwanga ukiigonga elektroni zake huyumba zote pamoja, kama maji ya beseni unapolitikisa kwa mpigo wake. Uga wa umeme, yaani nguvu ya umeme inayoizunguka punje, hupanda sana. Na ishara ya Raman haipandi sawa na uga, hupanda karibu kwa kipeo chake cha nne: uga ukiwa mara 10, ishara inakuwa mara elfu 10. Lakini yote hayo yanatokea kwenye ngozi ya punje. Ukisogea nanomita chache tu, nguvu imekwisha. Molekuli isiyoigusa fedha, au isiyokaa jirani kabisa, haipati kitu.

Sasa turudi kwenye nyanya. Fedha hupenda salfa, na mankozebu ina salfa tele. Ndugu yake anayeitwa tiramu, dawa ya kutibu mbegu, ukimdondoshea fedha anakatika pale atomu mbili za salfa zinaposhikana, kila nusu inang'ang'ania fedha, na kilele kikubwa kinasimama karibu na 1380 kwenye mchoro. Ndiyo maana watafiti wanaipenda tiramu: haiwaaibishi. Mankozebu ni jambo jingine. Ni mnyororo mrefu ulioshikiliwa na manganizi na zinki, hauyeyuki majini. Utadondosha maji ya fedha juu ya nyanya, dawa itabaki unga pale ilipo, na fedha itakauka kando yake. Inabidi uufungue mnyororo kwanza kwa kemikali kama EDTA, na hiyo si kazi ya kufanyia kwenye meza ya muuza nyanya. (Walioniuliza kuhusu formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, kwenye nyama: huko ni kugumu zaidi. Molekuli yake ni ndogo na haina cha kuishikia fedha. Watafiti huiunganisha kwanza na kemikali nyingine, kisha hupima kile kilichozaliwa.)

Kwa hiyo sokoni bado. Lakini muuzaji wako kasema kweli. Mankozebu hukaa juu ya ganda, haizami sana ndani. Osha kwa maji yanayotiririka huku unasugua kwa vidole, hasa pale kwenye kikonyo ambapo vumbi hujificha. Kuzichovya kwenye beseni na kuzitoa si kuosha. Ukiwa na muda, menya.

"Habari yako Mama. Niko mwaka wa mwisho hapa Mbarara. Nilichemsha nitrati ya fedha na sitrati ya sodiamu nikapata koloidi, yaani maji yenye punje za fedha zinazoelea, ya manjano yenye ukijivu. Kwa rangi ya rodamini ilinipa vilele safi kabisa. Baadaye nikaongeza chumvi kama makala zinavyoelekeza ili ishara ikue. Ikageuka kijivu, ikatuama chini, vilele vikatoweka. Msimamizi ameniambia nirudie. Nirudie nini? – Mwanafunzi wa kemia"

Kijana wangu, usirudie kuchemsha kabla hujajua chumvi inafanya nini. Wengi wanaitia kama wanavyotia kwenye mchuzi.

Punje zako zimevaa sitrati, zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na kuogelea kila moja peke yake. Punje iliyo peke yake hukuza kidogo. Ishara kubwa hutoka kwenye mwanya kati ya punje mbili zilizokaribiana, mwanya wa nanomita moja au mbili hivi. Chumvi hupunguza kule kusukumana, punje zikasogeleana, na molekuli iliyokwama katikati ndiyo inayopiga kelele kwenye mchoro. Ukizidisha, punje zinajikusanya mafungu makubwa, yanazama, na leza yako inamulika maji matupu. Kati ya hali hizo mbili kuna dakika chache, na mradi wako wote umo ndani ya dakika hizo.

Fanya hivi. Panga mirija midogo kadhaa, kila mmoja na koloidi kiasi kilekile. Tia sampuli kwanza, changanya, ipe nafasi ishike fedha. Chumvi ije mwisho, na kila mrija upate zaidi kidogo kuliko uliotangulia. Washa saa. Weka karatasi nyeupe nyuma ya mirija utazame rangi: wa kwanza utabaki wa manjano, unaofuata utaingia ukijani, halafu kijivu, na wa mwisho utaona vumbi jeusi linashuka taratibu kwenye kitako. Pima wote dakika ileile baada ya chumvi. Mrija unaoutafuta si ule wenye kilele kirefu kuliko vyote. Tafuta ule ambao kilele chake hakibadiliki ukiurudia baada ya dakika mbili tatu. Jaribu pia nitrati ya potasiamu au salfati ya magnesiamu, maana kloridi ya chumvi ya jikoni haisogezi punje tu, hubadilisha na uso wa fedha wenyewe. Molekuli nyingine hufurahia hilo, nyingine hufukuzwa.

Tazama pia mashine yako ina leza gani. Punje za fedha zikiwa mojamoja hupokea vizuri mwanga wa upande wa urujuani na bluu, karibu na nanomita 400 na ushee. Zikishikana, upokeaji huenea hadi kwenye nyekundu. Mwenye leza ya nanomita 785 asipotia chumvi asishangae kuona mchoro bapa.

Kuhusu maji, najua kinachotokea huko kwenu. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bomba, ya mto Rwizi yaliyotiwa klorini, kisha vinasuuzwa kwa haraka na maji yaliyokenekwa kwa sababu ni machache. Kabla ya kuchemsha chochote, mimina kidogo ya maji ya mwisho ya kusuuzia kwenye mrija, shika mrija mbele ya karatasi nyeusi, dondosha tone moja la nitrati ya fedha. Ukiona wingu jeupe linaning'inia, hata jembamba kama moshi, hiyo ni kloridi ya fedha na chombo hakijasafika. Suuza tena. Jaribio hilo halina gharama na limeniokolea fedha nyingi kuliko mashine yoyote.

Kanuni unayoitumia nadhani ni ya Lee na Meisel, ya mwaka 1982: miligramu 90 za nitrati ya fedha kwenye mililita 500 za maji, ikichemka unatia mililita 10 za sitrati ya asilimia 1, kisha unaiacha ichemke saa nzima. Kumbuka Mbarara iko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 au karibu na hapo, si 100. Koloidi itatoka tu, ila usilinganishe muda wako na wa mtu wa pwani ukadhani mmoja wenu anadanganya. Andika jotoridi kwenye daftari. Umeme ukikatika katikati, usingoje urudi uendelee palepale. Hiyo peleka kwenye chupa ya taka uanze upya, kwa sababu punje zilizopoa zikapashwa tena hazitafanana na za kundi jingine, na wewe unahitaji makundi yanayofanana.

Halafu hiyo rodamini. Humsifu kila mtu. Yenyewe ni rangi inayonyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo ukiimulika kwa leza ya nanomita 532 inajikuza kabla hata fedha haijaisaidia. Mwaka 1997 watafiti walipotangaza kwamba wameona molekuli moja moja kwa njia hii, walitumia rangi za namna hiyo, rodamini 6G na urujuani wa kristali. Hawakufanya vibaya, walikuwa wanatafuta ukomo. Lakini wewe mradi wako si rodamini. Itumie asubuhi kuthibitisha koloidi iko hai, pima na kipande cha silikoni uone kilele chake kimekaa 520.5, kisha ingia kwenye kemikali yako mwenyewe mapema, kabla hujazoea kusifiwa.

Na unapoandika ripoti, weka michoro ya sehemu nyingi, mizuri na mibaya, useme inatofautiana kiasi gani. Nimechoka na makala zenye mchoro mmoja mzuri. Kwenye uso wa fedha, sehemu mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya miwanya tu, bila kiasi cha kemikali kubadilika. Msimamizi akikuuliza kwa nini yako inayumba, mjibu kwamba ya kila mtu inayumba, wewe umeipima.

"Mama, mimi ni fundi wa vito hapa Kampala. Vipande vya fedha ninavyo vya kutosha. Haviwezi kutumika badala ya hizo punje? – Fundi"

Ndugu yangu fundi, tatizo la fedha yako ni kwamba umeing'arisha vizuri. Uso laini haukuzi, ndiyo maana wale wa 1974 waliukwaruza. Pia fedha ya 925 ina shaba au metali nyingine ndani yake, na ikikaa hewani salfa inaitia weusi unaoujua wewe kuliko mimi. Weusi huohuo ndio unaoua vifaa vyetu, hasa vikifunguliwa vikasahaulika mezani. Wanaotaka kitu cha kudumu hutumia dhahabu, ingawa hukuza kidogo kuliko fedha na haifai kwa leza ya kijani.

Usifikirie kuiyeyusha kwa asidi ya nitriki kibandani. Ule moshi wa kahawia huumiza mapafu, na madhara yanaweza kuja saa kadhaa baadaye, ukiwa umeshalala. Bangili waachie maharusi.

"Mama Maabara, nauza karanga Arua. Tangu Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, wanunuzi wote wamekuwa wakali. Nasikia fedha inaiona hiyo sumu. Ninunue wapi? – Mfanyabiashara"

Mzee wangu, zuio lile la Machi 2021 limewafundisha wengi kutamka aflatoksini. Ni kweli watafiti wanaitafuta kwa fedha na Raman, na wanaipata. Wewe usinunue.

Nikuonyeshe ukubwa wa kazi. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na kati ya hizo ile kali zaidi, B1, isizidi 5. Piga hesabu ya gunia la kilo 100: sumu yote inayoruhusiwa ni miligramu 1. Na karanga ni mafuta. Ukisaga na kudondosha koloidi juu yake, mafuta na protini vinaiwahi fedha kabla ya sumu, tena aflatoksini yenyewe haina mkono wenye nguvu wa kuishika. Juu ya hapo inang'aa yenyewe ikimulikwa na urujuanimno, na mng'ao wa sampuli chafu huweza kuvifunika vilele unavyovitafuta. Kwa hiyo mtu wa maabara anaitoa kwa methanoli, anaisafisha, mara nyingine anaweka kingamwili juu ya punje za fedha ili ziinase. Ukifika hapo umeshafanya karibu kazi yote ya vipimo vya kawaida.

Lakini hata ungekuwa na mashine hiyo bure, kikwazo kikubwa kiko kwenye gunia. Sumu haikai sawasawa. Karanga chache zilizooza zinaweza kubeba karibu yote, na nyingine zote zikawa safi. Ukichota konzi moja juu ya gunia, unaweza kupimisha karanga nzuri ukauza mbaya, au ukapimisha mbaya ukatupa gunia zima. Chukua kidogo kidogo kutoka juu, kati na chini, kwenye magunia mengi, changanya, saga zote pamoja, ndipo upeleke maabara inayotambulika au utumie vipimo vya vijiti.

Fedha yako iweke kwenye turubai. Karanga zisianikwe kwenye udongo, zikauke hadi unyevu wa asilimia 7 hivi, zikae juu ya mbao na si sakafuni. Kisha lipa akina mama wachambue: zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zote nje. Kuchambua kwa mkono hupunguza sumu kuliko watu wanavyodhani. Kukaanga hakuiondoi yote. Na zile zilizotolewa, nakuomba kwa heshima zote, zisiishie kwenye mashine ya odi, ile siagi ya karanga. Mimi nakula odi.

"Mwalimu wa sekondari, Soroti. Mama, tuna mikroskopu moja na chupa ya nitrati ya fedha tunayotumia kupimia kloridi. Raman hatuna. Naweza kuwaonyesha wanafunzi chochote?"

Hii imekuja imechelewa, lakini sikuweza kuiacha.

Mwalimu, chukua waya wa shaba, usugue kwa msasa laini mpaka upate rangi ya waridi, ulaze kwenye kioo cha mikroskopu. Dondosha tone la nitrati ya fedha ya moli 0.1 kwa lita. Mwambie mwanafunzi aweke jicho kabla tone halijafika. Waya utaota manyoya meusi karibu papo hapo, halafu kwenye ncha za manyoya yatachomoza matawi yanayong'aa, kila tawi likitoa matawi madogo pembeni, yakikimbilia ukingo wa tone. Shaba inaingia kwenye maji, fedha inatoka. Ukifanya jambo hilohilo kwenye mrija ukauacha kipindi kizima, maji yatageuka bluu.

Kitu hicho si mchezo wa shule tu. Matawi hayo yana ncha na miwanya midogo sana isiyoonekana kwa mikroskopu yenu, na maabara zenye Raman huyaosha, huyakausha na kuyatumia kukuzia ishara kama tulivyosema hapo juu. Ukipenda, yaoshe kwa maji yaliyokenekwa, yakaushe juu ya karatasi ya kuchujia, funga kwenye kichupa kilichofunikwa foili, uandike tarehe. Siku wanafunzi wako watakapotembelea chuo chenye mashine, wapeleke na kichupa chao, ila kisiwe kimekaa miezi.

Mabaki usimwage kwenye sinki. Tia chumvi ya jikoni kwenye chupa ya taka, mtindi mweupe wa kloridi ya fedha utashuka chini na kugeuka zambarau ukipigwa na jua. Uache utulie, maji ya bluu yaliyo juu yawekwe kwenye chombo chake kwa sababu yana shaba. Na uvae glavu, wewe na watoto. Nitrati ya fedha ikishika ngozi, doa jeusi hutokea baadaye, likakaa siku kadhaa, na sabuni hailigusi.